Waasisi na Misingi: Kutoka Gisenyi hadi Gereza la Ruhengeri

Ndugu askari wa Jeshi na Polisi mnaotusikiliza.

Mji wa Gisenyi, nchini Rwanda, umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, ukiwa umegusana na mji wa Goma wa Kongo kiasi kwamba mama wa sokoni hutoka nchi moja akaingia nyingine kwa miguu, kapu la vitunguu kichwani, na Kiswahili chake kikamtosha pande zote mbili. Tangu mwaka 2006 mji huo umo katika Wilaya ya Rubavu. Barabara itokayo hapo hupanda milimani kuelekea mashariki, hupita chini ya milima ya volkeno, na baada ya kilomita zipatazo 60 hufika Ruhengeri, mji ambao siku hizi huitwa Musanze. Katika historia ya Rwanda huru, watu wakubwa wengi walisafiri katika njia za upande huo wa nchi. Baadhi yao walitoka huko kwenda kutawala. Wengine walipelekwa huko, katika gereza la Ruhengeri, na hawakurudi. Na wapo waliofanya safari zote mbili.

Jioni hii tunazungumza juu ya safari hizo, kwa sababu zinagusa jambo ambalo kwenu ninyi ni kazi ya kila siku, yaani uhusiano baina ya amri, sheria na siasa. Katika nchi nyingi kuna wanafikra waitwao wahafidhina, ambao hushikilia kwamba misingi iliyowekwa siku taifa lilipozaliwa isichezewe. Kwamba katiba isomwe kama ilivyoandikwa. Na kwamba mahakama isigeuzwe kuwa rungu la walio madarakani kuwapigia walioondoka. Wapinzani wao huwajibu kwamba dunia hubadilika, na kwamba waasisi wenyewe walikuwa binadamu wenye makosa makubwa. Mabishano hayo yana kelele nyingi huko Marekani. Lakini hatuna haja ya kuvuka bahari ili kuyapima. Jirani zetu wa Rwanda waliyapima kwa maisha ya watu.

Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na katiba ya Jamhuri ikatangazwa tarehe 24 Novemba mwaka huo huo. Katiba ile ilithibitisha kwamba ufalme umekwisha na nchi ni jamhuri, ikafuta upendeleo wa kuzaliwa, na ikatamka kwamba raia wote ni sawa mbele ya sheria. Kaulimbiu ya taifa ilikuwa Uhuru, Ushirikiano, Maendeleo. Rais alikuwa Grégoire Kayibanda, mtu aliyepata kuwa mwalimu na mhariri wa gazeti, kiongozi wa chama cha Parmehutu. Ukiyasoma maneno yale leo, huoni la kuyaonea haya.

Miezi 13 tu ilipita. Mnamo Desemba 1963 wapiganaji wakimbizi wa Kitutsi waliingia Rwanda kutoka Burundi, wakafika Bugesera, na wakarudishwa nyuma. Serikali yoyote iliyoshambuliwa ina haki ya kujilinda, na askari waliopigana Bugesera walikuwa wakifanya kazi yao. Lakini katika siku zile zile, viongozi wa vyama vya UNAR na RADER waliokuwa wakiishi ndani ya nchi kwa amani walikamatwa. Walikuwa watu wapatao 20, miongoni mwao Michel Rwagasana, katibu mkuu wa UNAR, na Prosper Bwanakweri wa RADER. Walipelekwa Ruhengeri wakapigwa risasi. Hakuna hakimu aliyewasikiliza, hakuna hati ya mashitaka iliyosomwa. Katika majuma yaliyofuata maelfu ya Watutsi wasiokuwa na silaha waliuawa, hasa huko Gikongoro.

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu, kwa maana hapa ndipo hoja ya wahafidhina hukwama ikitamkwa ovyo. Mtu akisema turudi kwa waasisi, lazima aulizwe: kwa waasisi, au kwa misingi? Waasisi wa Jamhuri ya Rwanda waliandika mwezi Novemba 1962 kwamba raia wote ni sawa mbele ya sheria, na mwezi Desemba 1963 wakawapiga risasi raia wenzao bila hukumu. Misingi ilikuwa mizuri kuliko watu walioiweka. Anayewatetea waasisi kwa sababu tu ni waasisi, hukuta ametetea pia usiku ule wa Ruhengeri. Anayeitetea misingi hana budi kuwahukumu waasisi kwa maandishi yao wenyewe. Hayo mawili si kitu kimoja, na katika nchi nyingi za Afrika tumeyachanganya kwa muda mrefu, kwa sababu picha ya mwasisi hutundikwa ukutani kirahisi zaidi kuliko ibara ya katiba.

Kayibanda aliendelea kutawala kwa miaka kumi. Mwanzoni mwa mwaka 1973 wanafunzi na wafanyakazi wa Kitutsi walifukuzwa mashuleni na makazini, na chuki ya kimkoa baina ya watu wa kaskazini na watu wa Gitarama, alikotoka Rais, ikawa haifichiki tena. Mwezi Mei mwaka huo katiba ilirekebishwa ili Rais apate kuendelea. Ilikuwa ni ile ile katiba ya 1962, ila sasa imekatwa ili imfae mvaaji mmoja. Kwa hiyo tarehe 5 Julai 1973, Meja Jenerali Juvénal Habyarimana alipotwaa madaraka, hakukuwa na wengi waliokwenda barabarani kuilinda katiba. Habyarimana alikuwa mzaliwa wa Giciye, katika mkoa wa Gisenyi, na alikuwa ndiye waziri aliyekabidhiwa majeshi. Aliunda Kamati ya Amani na Umoja wa Taifa, yeye pamoja na maofisa wenzake kumi. Bunge lilivunjwa, Parmehutu ikapigwa marufuku.

Mapinduzi hayo yalisifiwa sana wakati ule kwa kuwa hayakumwaga damu. Ni kweli kwamba siku ya tarehe 5 Julai haikumwagika. Ilimwagika baadaye, kidogo kidogo, mahali pasipo na macho ya watu.

Mwaka 1974 Kayibanda na wenzake walihukumiwa na mahakama ya kijeshi. Yeye na baadhi yao walipewa adhabu ya kifo, kisha ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha. Tunaomba askari mlitazame jambo hili kwa jicho la kazi yenu. Mahakama ya kijeshi ipo kwa ajili ya nidhamu ya jeshi. Humhukumu askari aliyelala lindoni, aliyetoroka, aliyemwinulia mkubwa wake silaha. Rais wa zamani na mawaziri wake walikuwa raia. Kama walikuwa na makosa, na bila shaka damu ya 1963 ilikuwa juu ya baadhi yao, mahali pao palikuwa mahakama ya kiraia, hadharani, mbele ya mawakili. Na hilo ndilo jambo la ajabu: kosa kubwa kuliko yote ambalo wangeweza kuulizwa, yaani mauaji ya Watutsi, halikuwa ndilo lililowaangusha. Walihukumiwa kwa kuwa walikuwa wameshindwa.

Hapa inafaa tukumbuke jambo la nyumbani. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Walipofikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi mwaka huo, adhabu zilizotolewa zilionekana na wengi kuwa nyepesi. Kiongozi wao, Sajini Francis Hingo Ilogi, alipata kifungo cha miaka 15. Rais Nyerere mwenyewe aliziona kuwa nyepesi mno na hakulificha hilo. Lakini alikataa kuzibadili, kwa hoja kwamba serikali iliyotikiswa na watu waliovunja sheria haiwezi kujiponya kwa kuivunja sheria hiyo hiyo. Hatusemi kwamba nchi yetu ilikuwa ya malaika. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwashitaki ilikuwa imepitishwa Tanganyika mwaka 1962, na ilitumika. Ila katika jambo lile la waasi, mtawala aliyekuwa na kila sababu ya kukasirika aliuacha mkono wa hakimu bila kuuvuta.

Turudi Ruhengeri. Kayibanda aliwekwa kizuizini nyumbani kwake karibu na Gitarama, akafariki huko tarehe 15 Desemba 1976. Wenzake hawakupata hata hilo. Kati ya mwaka 1974 na 1977 watu wapatao 56, wengi wao viongozi wa Jamhuri ya Kwanza, na wengine wanasheria na wafanyabiashara waliokuwa karibu nao, waliuawa wakiwa mikononi mwa vyombo vya usalama. Wengine walinyimwa chakula mpaka wakafa. Gereza la Ruhengeri likawa kaburi la watu ambao miaka michache kabla walikuwa wakipigiwa saluti na askari wale wale. Baadhi yao walikuwa katika serikali iliyowapeleka kina Rwagasana kufia katika mji ule ule.

Mkuu wa idara ya usalama katika miaka hiyo alikuwa Meja Théoneste Lizinde, mzaliwa wa mkoa wa Gisenyi. Alikuwa mtu wa karibu na utawala, msomi kwa namna yake, hata mwaka 1979 alichapisha kitabu juu ya Kalinga, ile ngoma ya wafalme wa Rwanda. Wakati huo huo, tarehe 20 Desemba 1978, nchi ilipata katiba mpya. Katiba hiyo ilimfanya kila Mnyarwanda kuwa mwanachama wa chama kimoja, MRND, kilichoanzishwa na Habyarimana mwaka 1975. Mtoto alizaliwa mwanachama, apende asipende. Hakimu naye alikuwa mwanachama, na mshitakiwa, na askari aliyemlinda mshitakiwa. Sasa jaribuni kufikiri: mtu anayetuhumiwa kuupinga uongozi wa chama atahukumiwa na nani, ikiwa chumba kizima cha mahakama, tangu jaji hadi mfagizi, ni cha chama?

Lizinde aliondolewa katika cheo chake mwaka 1979. Mwezi Aprili 1980 alikamatwa, akatuhumiwa kupanga mapinduzi. Mwenzake aliyehusishwa na tuhuma hizo, Kanali Alexis Kanyarengwe, mmojawapo wa wale maofisa wa tarehe 5 Julai, alikimbilia Tanzania mwezi Desemba mwaka huo. Mwaka 1981 Mahakama ya Usalama wa Taifa ilikaa Ruhengeri, ikamhukumu Lizinde kifo; baadaye adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wazee walisema. Mkuu wa usalama alikuwa sasa mfungwa Ruhengeri.

Kisha likaja jambo ambalo kwetu ndilo kiini cha mazungumzo haya. Mwaka 1985 Lizinde alirudishwa mahakamani pamoja na watu wengine, safari hii kwa mauaji ya wale wafungwa wa Jamhuri ya Kwanza. Alihukumiwa kifo tena. Je, hukumu hiyo ilikuwa ya uongo? La. Watu walikuwa wamekufa kweli, tena vifo vibaya, na idara aliyoiongoza ndiyo iliyokuwa na funguo. Mjane aliyengoja miaka kumi asikie mahakama ikitamka kwamba mume wake aliuawa alikuwa na haki ya kusikia hivyo. Lakini vifo vile vilikuwa vimetokea kati ya 1974 na 1977. Katika muda wote ambao Lizinde alikuwa mtiifu, hapakuwa na mashitaka. Mashitaka yalikuja alipokuwa tayari ni adui na mfungwa. Na swali la nani aliyekuwa juu yake, nani aliyejua na kunyamaza, halikupandishwa ngazi hata moja zaidi. Lilisimama kwa Meja.

Ndiyo maana tunasema siasa inaweza kuipotosha haki hata pale ambapo mshitakiwa ana hatia. Watu hudhani kwamba mahakama ya kisiasa ni ile inayomfunga asiye na kosa. Hiyo ni rahisi kuitambua. Iliyo ngumu kuitambua ni ile inayomfunga mwenye kosa, kwa kosa la kweli, ila kwa saa iliyochaguliwa na mwanasiasa na kwa mpaka uliowekwa na mwanasiasa. Hukumu ya namna hiyo haiponyi kitu. Familia za Gitarama hazikuiamini kwa kuwa ilikuja imechelewa na imekatwa kichwa. Watu wa Lizinde hawakuiamini kwa kuwa waliona ni kisasi. Mahakama imesema kweli, na hakuna aliyeisadiki.

Mambo ya namna hiyo hayakukoma. Mwezi Aprili 1988 Kanali Stanislas Mayuya, ofisa aliyetajwa sana kuwa huenda akawa mrithi wa Rais, alipigwa risasi akafa. Askari aliyetuhumiwa akafa kizuizini kabla hajafikishwa mbele ya hakimu. Mwezi Oktoba 1990, baada ya chama cha RPF kuanzisha vita kutoka Uganda, maelfu ya watu walikamatwa nchini kote kwa kudhaniwa kuwa wasaidizi wa adui, na wengi wao walikaa ndani kwa miezi bila kushitakiwa.

Tarehe 23 Januari 1991 wapiganaji wa RPF waliuvamia mji wa Ruhengeri na kulizingira gereza. Ndani yake alikuwamo Lizinde, pamoja na wafungwa wengine wa kisiasa waliojua mambo mengi. Ofisa aliyekuwa na dhamana ya usalama mjini pale, Charles Uwihoreye, alipiga simu Kigali kuomba maagizo. Waandishi wa historia ya vita hivyo wanaeleza kwamba jibu aliloletewa lilikuwa ni kuwaua wafungwa kabla hawajafikiwa na adui. Alikataa.

Ndugu askari, mnajua vizuri kuliko sisi ugumu wa dakika zile. Risasi zinalia nje, mji unaanguka, na sauti itokayo juu inakupa amri. Hakuna muda wa kufungua kitabu cha sheria, wala hakuna wakili wa kumwuliza. Kanuni za jeshi lolote zinasema amri itiiwe. Na kanuni hizo hizo zinasema amri iliyo haramu waziwazi si amri. Kumwua mfungwa aliyefungiwa chumbani ni haramu waziwazi. Uwihoreye hakuwa rafiki wa Lizinde, na hakuna dalili kwamba alimpenda. Wafungwa walitoka salama. Lizinde akajiunga na RPF. Na ofisa aliyekataa kuua akawekwa ndani na serikali yake mwenyewe. Kama kuna mtu mmoja aliyeisimamia katiba ya Rwanda siku ile, ile ya 1962 au ile ya 1978 au yoyote ile, basi ni yeye, na hakuwa jaji wala mbunge.

Katika majuma yaliyofuata, katika komuni za Gisenyi na Ruhengeri, Watutsi waitwao Bagogwe, wafugaji wa maeneo ya milima ile, waliuawa kwa mamia kwa kisingizio cha uvamizi huo. Mwezi Januari 1993 tume ya kimataifa ya uchunguzi ilikuja ikafukua makaburi. Wauaji wengi walikuwa wakijulikana kwa majina na vyeo, lakini hawakufikishwa mahakamani. Tunataja hilo kwa sababu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 hayakuanguka kutoka mawinguni. Yalikuwa na mazoezi, na mazoezi yenyewe yalifanyika mbele ya polisi na mahakama zilizokaa kimya.

Tarehe 7 Aprili 1994, siku moja baada ya ndege ya Habyarimana kutunguliwa, miongoni mwa watu wa kwanza kuuawa mjini Kigali alikuwa Joseph Kavaruganda, Rais wa Mahakama ya Katiba. Askari walimchukua nyumbani kwake asubuhi. Kwa mujibu wa Mapatano ya Arusha ya tarehe 4 Agosti 1993, viongozi wapya wa mpito walihitaji kuapishwa, na kiapo kinataka jaji. Waliokuwa wakijitayarisha kutawala bila misingi waliona mapema kwamba lazima jaji huyo asiwepo.

Huko Gisenyi, asubuhi hiyo hiyo, mauaji yalianza katika mitaa ya mji. Watutsi waliokamatwa walipelekwa makaburini, mahali ambapo wauaji walipabandika jina la Commune Rouge, yaani Komuni Nyekundu. Komuni ndiyo ofisi ambayo raia wa Rwanda alikwenda kuandikisha mtoto, kuchukua kitambulisho, kuamuliwa mgogoro wa shamba. Walimwambia mtu kwamba wanampeleka komuni, naye akajua anapelekwa kuzikwa. Hatujui mfano mwingine ulio wazi kuliko huo wa serikali iliyogeuzwa ndani nje, jina likabaki na kazi ikawa kinyume chake. Leo pana kumbukumbu ya wahanga mahali pale.

Kamanda wa eneo la Gisenyi tangu mwezi Juni 1993 alikuwa Luteni Kanali Anatole Nsengiyumva, aliyepata kuwa mkuu wa upelelezi wa jeshi. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha tarehe 18 Desemba 2008. Tarehe 14 Desemba 2011 majaji wa rufani walifuta sehemu kubwa ya hukumu hiyo kwa kuwa ushahidi haukutosha, wakasema haikuthibitika kwamba yeye ndiye aliyetoa amri. Lakini walibakiza hatia yake kama mkubwa wa watu waliohusika na mauaji ya mjini Gisenyi tarehe 7 Aprili, akapewa miaka 15. Makamanda mnaosikiliza mtaona uzito wa jambo hili. Hata pale ambapo haikuthibitika kwamba kamanda aliamuru, aliwajibika kwa walio chini yake, kwa kuwa hakuwazuia wala hakuwaadhibu.

Baada ya mauaji ya kimbari Rwanda ilikuwa na magereza yaliyofurika na mahakama zisizokuwa na mahakimu. Kati ya mwaka 2005 na 2012 mabaraza ya gacaca yalisikiliza kesi karibu milioni mbili kote nchini, majirani wakiwahukumu majirani chini ya miti. Hakuna nchi nyingine iliyojaribu kazi ya ukubwa huo. Ni haki pia kusema kwamba makosa yaliyodaiwa kufanywa na askari wa jeshi lililoshinda hayakuwekwa mbele ya gacaca, na Mahakama ya Arusha nayo haikumshitaki hata mmoja wa upande huo. Kosa la baadhi ya askari halilingani na mauaji ya kimbari, na anayeyalinganisha anapotosha historia. Lakini mwenye kudai kwamba sheria ni moja kwa wote atakutana na swali hilo, apende asipende.

Tumebakiza kesi moja, nayo ni ya mtu mwingine wa Gisenyi. Jean-Bosco Barayagwiza alizaliwa katika komuni ya Mutura. Alikuwa mwanasheria, mmoja wa waanzilishi wa chama cha CDR na wa redio ya RTLM, ile redio iliyochochea mauaji. Alikamatwa nchini Kamerun mwaka 1996, akakaa kizuizini muda mrefu, na akafikishwa Arusha tarehe 19 Novemba 1997. Tarehe 3 Novemba 1999 majaji wa rufani walitamka kwamba haki zake zilikuwa zimevunjwa kwa ucheleweshaji huo, wakaamuru aachiliwe huru.

Rwanda ilighadhibika, na ni nani asiyeelewa? Waliokufa walikuwa wengi, na mtu wa redio ile alikuwa anaelekea mlangoni. Serikali ya Kigali ikasimamisha ushirikiano wake na Mahakama, na bila mashahidi kutoka Rwanda Mahakama haikuweza kufanya kazi. Mwendesha mashitaka, Carla Del Ponte, aliomba uamuzi uangaliwe upya. Tarehe 31 Machi 2000 majaji wa rufani walibadili: kuna mambo mapya yaliyoletwa, walisema, na uvunjaji wa haki haukuwa mkubwa kama ulivyoonekana mwanzo, kesi iendelee. Jaji mmojawapo, Rafael Nieto-Navia, aliandika tamko lake mwenyewe kukataa kwamba shinikizo la kisiasa linaweza kuwa sababu ya uamuzi wa hakimu.

Je, shinikizo halikuwa na nguvu? Kila mtu aliona kalenda. Katika jambo hilo Arusha haikuwa mbali sana na Ruhengeri. Lakini kuna tofauti moja ambayo hatutaki ipite bila kutazamwa. Mahakama ya Ruhengeri ya mwaka 1985 haikuandika popote kosa la dola iliyoiunda. Majaji wa Arusha waliandika kwamba mshitakiwa wao alikosewa, na kwamba akionekana na hatia, apunguziwe adhabu kwa sababu hiyo. Tarehe 3 Desemba 2003 Barayagwiza alionekana na hatia ya mauaji ya kimbari. Mahakama ilisema adhabu iliyomfaa ilikuwa kifungo cha maisha, kisha, kwa ajili ya haki zake zilizovunjwa, ikampa miaka 35. Tarehe 28 Novemba 2007 majaji wa rufani walifuta baadhi ya makosa na kumwachia miaka 32. Alifariki nchini Benin tarehe 25 Aprili 2010, akiwa bado mfungwa.

Lizinde hakufikia hapo. Baada ya vita alikuwa mbunge mjini Kigali, akakosana na wakubwa wapya, akakimbia, na mwezi Oktoba 1996 aliuawa kwa risasi mjini Nairobi. Kanyarengwe alirudi kutoka uhamishoni akawa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Ndani, na polisi wakawa chini yake.